Pasi ya Mkaa Haivushi Mpaka

Pasi ya mkaa haivushi mpaka. Mama yenu ameisema sasa hivi, ninyi mkacheka, kisha mkageuka kuniangalia mimi kana kwamba methali nazitunga chumbani kwangu. Zaina amemwuliza Mbwana kama vyeti vyake vimeingia kwenye begi la safari, Mbwana akajibu "vimo" bila kuinua macho kwenye simu, ndipo mama yenu akaitupa methali yake na kurudi jikoni. Sasa mnataka kujua imetoka wapi.

Imetoka hapa hapa Korogwe, ndani ya ukoo wenu, na hiyo pasi yenyewe mnaijua. Ni lile dude la chuma linalozuia mlango wa sebule usijibamize, lenye jogoo juu ya kifuniko, ambalo Mbwana hujigonga nalo kidole cha mguu kisha akalitukana. Acha kulitukana, lina umri kukushinda. Kaeni chini, na hiyo simu iweke pembeni, maana haya niliyonayo ni ya watu waliosikilizana nusu nusu, wakaitikiana vizuri kabisa.

Kaka yangu Semkiwa, babu yenu mkubwa, alikuwa dobi. Meza yake ilikuwa barazani, nyumba ile ile iliyo mkabala na stendi. Juu ya meza palikuwa na blanketi zito la kijivu, juu ya blanketi shuka nyeupe, na juu ya shuka pasi. Umeme siku zile ulikuwa wa wenye nyumba za bati jipya. Semkiwa alifungua kifuniko kwa kumshika yule jogoo, akatia makaa, akapuliza mpaka macho yakawa mekundu, kisha akanyoosha nguo za mji mzima. Walimu, makarani, maharusi, wote walipita mikononi mwake. Pasi hiyo ilitulisha, ikatuvisha, ikamsomesha na Mwajabu.

Kwa hiyo mjue kwamba kwa dobi neno "pasi" lilikuwa na mwenyewe. Ukisikia mtoto analia "pasi, pasi", hukuuliza pasi gani. Ulikimbia na maji, ukijua ameungua.

Mwajabu alikuwa kifungua mimba wa Semkiwa. Alisoma mpaka akachaguliwa kwenda Bulgaria kusomea udaktari wa mifugo. Msinicheke, ndiyo huyo huyo Dakta Mwajabu mnayemwona akija hapa Idi na gari lake linalokohoa. Wakati ule alikuwa binti mwembamba, mpole, haongezi neno mbele ya mkubwa. Hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kutoka nje ya nchi, na kusema kweli Bulgaria yenyewe hatukujua iko upande gani. Tulichoelewa ni kimoja tu, kwa sababu bwana wa wizara aliwaambia wanafunzi wote waziwazi: atakayekosa ndege asitegemee kungojwa, maana nyuma ya kila mmoja yupo wa akiba aliyekwisha kufunga mzigo. Basi Semkiwa alikuwa akisema hata kwenye usingizi, ndege, ndege.

Sasa, kutoka nchi kwataka kile kijitabu ambacho ninyi mnakiita paspoti. Semkiwa na binti yake walikifuata Tanga, na yule afisa aliyewakabidhi alikiita pasi ya kusafiria. Jina refu namna hiyo haliwezi kudumu kwenye midomo ya watu wa stendi. Kabla basi halijafika Muheza, Mwajabu alishalikata, akawa anasema "pasi yangu", na baba yake anasema "pasi yako", na wote wawili wanaelewana vizuri mno. Hilo ndilo lililotuponza. Wawili wakielewana vizuri husahau kwamba wa tatu hakuwepo.

Waliposhuka stendi mvua iliwakuta. Kile kijitabu kikaingia maji pembeni, jalada likajikunja kama sikio la mbwa. Semkiwa akakipangusa kwa shati lake, na kwa kuwa dobi dawa yake ya kila kitu ni kunyoosha, akakilaza mezani kwake, chini ya lile blanketi zito. Akamwambia Mwajabu, pasi yako iko mezani kwangu, iache hapo ilale, itanyooka yenyewe. Mwajabu akaitikia. Aliyesikia maneno hayo ni yeye peke yake.

Dada yetu Mwantumu, ambaye Mwajabu humwita shangazi, hakuwepo siku hiyo. Alikuwa ameolewa Handeni. Alikuja jioni ya kuamkia safari, na alikuja kwa kazi moja: kumfunga mzigo mwenye safari.

Hapo niwaelezeni, maana mila hiyo hamkuikuta. Katika ukoo wetu mwenye safari hakujifungia mzigo. Alifungiwa na shangazi yake. Wazee walisema anayejifungia mzigo mwenyewe hujifungia na kurudi, yaani atakwenda moja kwa moja. Na begi likishafungwa na shangazi halikufunguliwa njiani hata kwa dawa, mpaka mwisho wa safari. Mwenye safari kazi yake ilikuwa kukaa kwenye mkeka amejitanda, akiombewa dua na kulishwa kama bibi harusi.

Basi siku ile nyumba ilikuwa kama jungu la pilau lisilo na mpishi mmoja. Kila aliyeingia alikuwa na Bulgaria yake. Mmoja alisema huko baridi ni kama ya Lushoto, akaleta sweta. Mwingine alisikia kwamba hawali ugali, akaleta unga wa muhogo. Jirani mmoja aliyewahi kufika Mombasa alishikilia kwamba ni karibu na Maka, akaleta kanzu amfikishie mjomba wake aliyekwenda kuhiji asirudi. Dada yangu Mwantumu amekaa katikati, begi limepanuka mbele yake, anapokea na kupanga, kijasho kinamtoka, na kila dakika anauliza kimebaki nini.

Mwajabu akasogea, akamwinamia sikioni. Kwa adabu, maana hakutaka aonekane anamfundisha shangazi kazi. Akasema, "Shangazi, pasi yangu iko mezani kwa baba. Tafadhali usiisahau hiyo, bila pasi siendi popote."

Mwantumu akageuza shingo kutazama barazani. Meza ile pale. Na mezani, juu ya shuka nyeupe, pasi ile pale na jogoo wake.

Aliniambia baadaye kwamba moyo wake ulifanya paa. Alijiuliza, mtoto huyu aomba pasi ya baba yake? Kisha akajijibu mwenyewe, na ubaya wa kujijibu ni kwamba hakuna wa kukubishia. Akasema, mtoto wa dobi hawezi kwenda kwa wageni na nguo zilizojikunja, atamtia baba yake aibu. Hata hivyo hakuichukua tu. Alikwenda kwa kaka yake, aliyekuwa uani na wageni, akamwuliza kwa sauti ya chini kama yuko radhi Mwajabu aondoke na pasi iliyo mezani kwake.

Semkiwa akamshangaa. Akasema, "Si yake hiyo? Ifunge, dada. Mimi ina kazi gani kwangu?"

Mwantumu aliposikia hivyo machozi yalimtoka. Semkiwa akaona machozi, akadhani ni ya kumlilia mtoto anayekwenda mbali, naye yakamlengalenga. Wakasimama pale uani wanafutana machozi, kila mmoja kwa jambo lake. Mwantumu akarudi ndani, akamnong'oneza wifi yake, mama Mwajabu, kwamba Semkiwa amempa mtoto mkono wake wa kazi. Mama Mwajabu akanyamaza. Alikuwa na mengi ya kuuliza, kubwa likiwa ni watakula nini kuanzia kesho kutwa, lakini atamsimamishaje mume aliyekwisha kutoa kwa mapenzi mbele ya dada yake? Akaona akisema atakuwa yeye mwenye roho mbaya. Akaendelea kukuna nazi, na nazi ile aliikuna mpaka kifuu.

Mwajabu, yeye, hakutulia. Alirudi tena kwa shangazi yake kuuliza kama pasi imeingia. Mwantumu akamwambia imeingia, tena ameiweka chini kabisa, ameizungushia kanga mbili, hata mwizi hataiona.

"Chini kabisa, shangazi? Haitakunjika?"

"Ikunjike vipi, mwanangu?" Mwantumu akamtazama. "Hata ikiangukiwa na nyumba haikunjiki hiyo."

Mwajabu akabaki ameduwaa. Akajisemea labda shangazi ameitia kwenye kitu kigumu. Akauliza tena, je, akitakiwa kuionyesha njiani? Mwantumu naye akachanganyikiwa, maana hajasikia mtu akisimamishwa njiani aonyeshe pasi. Akasema kwa ukali kidogo kwamba huko aendako akifika ndiyo ataitoa, na mkaa kidogo amemtilia, wa kuanzia. Lile neno mkaa lilipita katikati ya kelele za watoto. Mwajabu alilisikia, akadhani shangazi anazungumza na mtu wa jikoni. Ikaishia hapo. Mmoja aliona haya kuuliza mara ya nne, mwingine aliona haya kuonekana hajui mambo ya safari.

Alfajiri tukaondoka, mimi na Mwajabu, maana ndimi niliyeteuliwa kumfikisha Dar es Salaam. Begi lilikuwa zito sijapata kuona, limefungwa kwa kamba ya katani mafundo juu ya mafundo. Nilipojitwika, bega likaniambia kitu, lakini sikulielewa. Nilijua ni vitabu. Mtoto wa shule akiwa na begi zito, akili yaenda kwenye vitabu. Pale mlangoni mwa basi Semkiwa alimshika binti yake mkono, akamwuliza pasi imo? Mwajabu akasema shangazi ameifunga. Semkiwa akapumua, akasema alhamdulillahi. Basi likaondoka.

Siku ile Semkiwa hakugusa kazi, alikaa na wageni. Kesho yake, ndiyo siku ya ndege yenyewe, ndege ikiwa ni ya wakati wa magharibi, aliamka akawasha makaa kwenye jiko kama kawaida. Palikuwa na suruali za mwalimu mmoja tangu juzi. Akanyoosha mkono mezani kuchukua pasi, mkono ukashika shuka. Akatazama chini ya meza. Akatazama uani. Akarudi mezani akatazama tena pale pale, kama ufanyavyo, Mbwana, ukipoteza kitu. Haya yote nilisimuliwa na mke wake, na nimeyasikia mara nyingi kiasi cha kuweza kuyakariri.

"Mama Mwajabu, pasi iko wapi?"

"Pasi si ameondoka nayo Mwajabu?"

"Najua Mwajabu ameondoka na pasi. Asipoondoka na pasi atakwendaje?"

"Basi watafuta nini?"

"Natafuta pasi."

Mama Mwajabu akaweka chini sufuria. Alimtazama mume wake, akadhani huzuni ya mtoto imempanda kichwani. Akamwambia polepole, "Baba Mwajabu, pasi umeitoa mwenyewe. Mwantumu alikuuliza, ukasema ifunge, haina kazi kwako. Mimi nikanyamaza."

"Ile ni ya kwake! Mimi nauliza ya kwangu."

"Nyumba hii ina pasi ngapi?"

Semkiwa akamgeukia mke wake. Wakatazamana. Mke wake aliniambia kwamba aliiona rangi ikimtoka usoni, kuanzia juu. Akaenda mezani, akaondoa shuka, akainua ncha ya lile blanketi la kijivu. Kijitabu kilikuwa kimelala pale, kimenyooka vizuri sana, hakina hata kunyanzi moja.

Alikichukua, akatoka mbio kama alivyo, fulana ya kazini na suruali ya kulalia. Dobi Semkiwa, ambaye watu wa stendi hawajawahi kumwona na kola iliyolala vibaya, alipita katikati yao kama mtu aliyetoka kwenye godoro. Mabasi ya Dar es Salaam yalikuwa yamekwisha kupita. Akaegemea lori la machungwa lililokuwa likielekea Dar es Salaam, akamwonyesha dereva kile kijitabu, na dereva naye hakuelewa kitu ila alielewa uso. Akampandisha juu ya machungwa.

Sisi huku hatuna habari. Tumelala kwa ndugu Magomeni, tumekunywa chai, begi limekaa kwenye kona na mafundo yake. Mwajabu alilitazama mara nyingi. Nilimwona akilisogelea, kisha akirudi. Akaniuliza kama kuna ubaya tukilifungua kidogo tu, ahakikishe. Nikamwambia la shangazi halifunguliwi. Ndivyo nilivyofunzwa, ndivyo nilivyosema.

Kule uwanja wa ndege wenzake walikuwa wamejipanga mstari, kila mmoja ameshika kijitabu chake mkononi. Bwana wa wizara anawahesabu kwa macho. Zamu ya Mwajabu ikafika, afisa wa mezani akaomba pasi. Mwajabu akasema imo begini, chini kabisa. Afisa akasema basi itoe, binti, wenzako wanangoja.

Nilipambana na mafundo ya dada yangu mpaka kucha zikaniuma. Tukatoa sweta. Tukatoa unga. Tukatoa ile kanzu ya mjomba wa Maka. Sakafu ya uwanja wa ndege ikageuka mnada wa Alhamisi. Mwishoni ukatoka mfuko wa mkaa, na chini ya mkaa kanga mbili zimeviringwa. Mwajabu akazifungua kwa pupa, kanga ya kwanza, kanga ya pili, na jogoo akatutazama.

Akili yangu ilikataa. Nilijua ni pasi, tena naijua, lakini sikuelewa kwa nini iko hapa, na kwa nini ile nyingine haipo, na hata kwa nini mkaa. Yule afisa alizunguka meza yake, akainama, akaishika kwa huyo jogoo kupima uzito. Hakucheka, na mpaka leo namshukuru. Alisema tu, kwa upole, kama mtu anayesoma sheria iliyoandikwa mahali:

"Binti, pasi ya mkaa haivushi mpaka."

Mwajabu aliketi chini pale pale, pasi mapajani, akaanza kulia. Wenzake wakawa wanaingia ndani mmoja mmoja. Nikamwinamia nimwambie asilie, labda bwana wa wizara atasema neno, labda ndege itachelewa. Hakuwa akinisikia. Alikuwa akiipapasa ile pasi.

"Baba mdogo," akasema, "baba amenipa pasi yake. Kesho atafanyia nini kazi?"

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Ndege inaondoka, wa akiba yupo, miaka yake yote ya kusoma inapaa, na mtoto huyu analilia nguo za watu wa Korogwe. Nikataka kumkemea. Badala yake nikamwokotea kanga zake.

Ndege iliondoka. Tuliisikia, hatukuiona, kwa sababu wote wawili tulikuwa tunatazama chini.

Giza lilikuwa linaanza kuingia Semkiwa alipofika, ananuka machungwa, fulana imejikunja kila mahali. Sikuwahi kumwona kaka yangu amejikunja. Alikuja moja kwa moja mpaka kwa binti yake, akamnyooshea kile kijitabu. Mwajabu akasimama, akamnyooshea ile pasi. Wakabadilishana.

Kisha Mwajabu akamshukuru. Akamwambia, "Baba, ulinipa mkono wako wa kazi, na mimi sikujua."

Semkiwa alitazama pasi yake, akatazama mtoto wake. Angeweza kuitikia tu, mambo yakaisha kwa sifa. Lakini siku ile tulikuwa tumeitikiana vya kutosha.

"Sikukupa, mwanangu," akasema. "Sikujua kama ndiyo iliyoombwa. Lakini ungeniomba, ningekupa."

Mwajabu alimkumbatia pale pale, mbele ya watu, jambo ambalo kwetu mtoto mkubwa hafanyi kwa baba yake. Mimi nikajifanya nakunja kanzu ya mjomba.

Bwana wa wizara alikuwa mkali, lakini hakuwa mbaya. Aliyaona yote. Akasema ndege nyingine ipo baada ya juma moja, na yeye ataandika kuomba nafasi ingojwe kabla hajamwita wa akiba, ila hawezi kuahidi kitu, chuo ndicho kitakachosema. Basi Semkiwa akarudi Korogwe na pasi yake kumalizia suruali za mwalimu, na sisi tukakaa Magomeni juma zima hatujui kama tunasafiri au tunarudi nyumbani. Lile juma, wajukuu zangu, sikuombeeni. Kila mlango ukigongwa tulidhani ni jibu.

Jibu lilikuja siku mbili kabla ya ndege hiyo, kwamba nafasi ingalipo. Na kesho yake akaja Mwantumu.

Alikuja peke yake kutoka Handeni, mikono mitupu, uso umemsinyaa. Stendi nzima ya Korogwe ilikuwa imekwisha kumpa jina la Mama Pasi. Alisalimia, akakaa mkekani, hakumtazama mtu. Mwajabu, kwa adabu yake ile ile, akaliburura begi mpaka miguuni pa shangazi yake na kamba juu yake, amfungie. Mwantumu akaficha mikono nyuma.

"Funga mwenyewe," akasema.

"Na kurudi je, shangazi?"

Mwantumu alilia kwanza. Kisha akasema, "Utarudi kwa miguu yako. Kamba hairudishi mtu. Nikikufungia mimi, sijui utafika na nini."

Basi Mwajabu akawa wa kwanza katika ukoo wetu kujifungia mzigo. Alitoa unga, akatoa mkaa, akabakiza sweta. Kesho yake kule uwanjani, kabla hajaingia, Mwantumu alimshika mkono mbele ya yule yule afisa, akamwuliza kama ana pasi. Mwajabu akasema anayo. Mwantumu hakuachia mkono. Akamwuliza, pasi ipi? Nionyeshe kwa macho yangu. Mwajabu akamwonyesha, akaifungua na picha yake ndani. Ndipo alipomwachia.

Na jueni kwamba methali hii aliyeikuza ni Mwantumu mwenyewe. Mwingine angeona aibu, angekataza isitajwe. Yeye alisema aibu ukiikalia inakuchoma, bora uitembeze ipoe. Kila alipokuwa kwenye shughuli, msichana akiagizwa kitu na kuitikia "ndiyo, bibi" upesi upesi, Mwantumu alimwambia: pasi ya mkaa haivushi mpaka, mwanangu, hebu rudia nilichokuagiza. Watu walicheka, kisha wakarudia walichoagizwa. Ikaenda Handeni, ikaja Korogwe, ikapanda mpaka Lushoto, na siku hizi naisikia kwa watu ambao hata hawajui pasi ya mkaa yafananaje.

Mwajabu alirudi. Ilichukua miaka, wazee wengine walikwisha kunong'ona kwamba si mnaona, alijifungia. Alishuka stendi pale na begi amelifunga mwenyewe, akalifungua barazani mbele ya sisi sote. Alimletea baba yake zawadi, imezungushiwa kitambaa. Semkiwa akaifunua. Ilikuwa pasi ya umeme, nyepesi, inang'aa, ina waya mrefu mweusi. Semkiwa akaigeuza huku na huku, akatafuta mahali pa kutia makaa. Nyumba ile, nimewaambia, haikuwa na umeme.

Mwantumu, macho yameanza kupungua nuru, akaupapasa ule waya mpaka mwisho, akauliza taratibu, "Na hii nayo ni pasi ipi tena?"

Tulicheka mpaka watu wa stendi wakaja kuuliza. Semkiwa alicheka huku analia. Hiyo ya umeme aliiweka kabatini miaka mingi, akaendelea na jogoo wake, na umeme ulipofika aliitumia mpaka mikono ilipomwishia. Mwantumu ametangulia, Semkiwa ametangulia. Jogoo yuko mlangoni pale, na kila Idi Dakta Mwajabu akiingia huinama akamgusa kwanza kabla ya kutusalimia sisi wenye uhai. Mlikuwa mnadhani anafunga viatu.

Haya, Zaina. Umeuliza vyeti vimo, umeambiwa vimo. Cheti cha shule, cha kuzaliwa, au cha chanjo? Na wewe Mbwana, usinitazame mimi, litazame begi. Mbona umesimama? Fungua, mwanangu, hapa hakuna shangazi wa kumwonea haya, na mama yako pale jikoni alikwisha kukwambia mapema kwamba pasi ya mkaa haivushi mpaka.